Kimya Kilichokunjwa

Pumzi ile haikuwa ya mke wake. Fundi aliirudia, akabana hedifoni masikioni kwa viganja vyote viwili, akaisikia tena vilevile: kabla ya ubeti wa kwanza mtu alivuta pumzi ndefu, pumzi ya kujaza kifua kipana, ndipo marehemu akaanza kuimba. Na marehemu, katika miezi yake ya mwisho, hakuwa na kifua cha kuvuta pumzi namna ile. Alikuwa akiimba vipande vipande, na kati ya kipande na kipande akikohoa.

"Labda limepita lori," alijiambia.

Hakuna lori lililokuwa limepita. Jua lilikuwa utosini, barabara imenyamaza, na binti yake alikuwa sebuleni amelala kifudifudi sakafuni, anachora.

Fundi ndilo jina aliloitwa na mtaa mzima, hata na watoto. Chumba cha uani cha nyumba yake alikuwa amekipigilia magodoro ya zamani ukutani, akaweka meza, kompyuta iliyochoka na maiki moja nzuri, na humo ndimo alimorekodi matangazo ya maduka, mawaidha na kaswida. Mke wake ndiye aliyekuwa akiongoza kikundi cha kaswida cha akina mama. Katika kanda zote za kikundi sauti yake ilikuwa imezama ndani ya sauti za wenzake, kama sukari kwenye maji. Moja tu aliiimba peke yake, akiwa mgonjwa, ameegemea mito kitandani, kwa sababu miguu ilikuwa haimfikishi tena uani. Fundi alimpelekea maiki chumbani. Alipomaliza kuimba alicheka kidogo, akasema, "Mengine utatengeneza mwenyewe, ndiyo kazi yako hiyo." Haukupita muda Mungu akamchukua.

Kanda hiyo ndiyo Fundi aliyokuwa akiitengeneza. Haikuwa kazi ya mteja. Siku moja binti yake alikuwa amemuuliza, katikati ya kula, "Baba, hivi mama alikuwa anaongeaje?" na tonge likamganda mkononi. Mtoto alikuwa anasahau. Kwa hiyo akaapa kwamba kaswida ile ataikamilisha, na kikundi kiitikie, na dufu zilie, ili mtoto awe na mama wa kumsikiliza mpaka atakapozeeka.

Shida ilikuwa programu. Aliyokuwa nayo ni ile ya bure, ya kujifunzia. Ilimpa njia nane za kuwekea sauti na basi. Ukitaka ya tisa inakuletea tangazo la kununua. Akina mama peke yao walizidi idadi hiyo.

"Shemeji," dada mkubwa wa marehemu, ambaye sasa ndiye aliyeongoza kikundi, alikuwa akimtania, "hiyo programu yako ipo siku itatuambia tusipumue mpaka tulipie."

"Ninyi imbeni tu, shemeji. Mimi nitakunja."

Kukunja ndiyo ilikuwa njia yake ya kuishi na unyonge ule. Sauti ya mama wa kwanza na wa pili alizichanganya zikawa moja, zikakaa kwenye njia moja, zile za asili akazifuta ili apate nafasi ya wengine. Kazi hiyo ilitaka sikio na subira, maana sauti zikishakunjwa hazikunjuki tena; na programu ile ilijihifadhi yenyewe kila hatua, ikarudi nyuma hatua moja tu, na ukiizima imesahau. Ndiyo maana Fundi alikuwa na sharti lake: hakuna kukunja kitu ambacho hujakisikiliza mpaka mwisho.

Sharti hilo alilivunja mara moja, na alilivunja kwa jambo ambalo lingemfanya fundi yeyote alivunje. Alikuwa amevikata vikohozi vya marehemu. Kila alipokata kikohozi pakabaki shimo, kimya kilichokufa, ambacho sikio hukishtukia kama mguu unavyoshtukia ngazi inayokosekana. Dawa yake kila fundi anaijua: unarekodi kimya cha chumba kilekile, unakitandika chini ya sauti, mashimo yanazibika. Basi alifungua chumba cha kulala, ambacho tangu msiba alikuwa hakilali, akasimamisha maiki kando ya kitanda, akabonyeza, akatoka kwa kunyata. Kila anaporekodi husema bismillahi. Siku hiyo hakusema, kwa kuwa alitaka kimya na neno lolote lingeingia. Akakiacha chumba kitupu kikirekodiwa, pasipo jina la Mungu ndani yake.

Kisha njia zilikuwa zimejaa. Kimya kile akakikunja pamoja na sauti ya mke wake, akafuta vya asili. Hakukisikiliza. Nani anasikiliza kimya?

Na sasa kulikuwa na pumzi.

Siku iliyofuata pumzi ilikuwapo kabla ya kila ubeti. Kisha chini ya beti ukaingia mvumo, kama mtu anayejifunza wimbo akiwa amefunga mdomo. Fundi alikagua waya, akabadilisha hedifoni, akazima feni. Mvumo ulibaki, na pamoja nao ikaja harufu, ya majivu yaliyomwagiwa maji, iliyoanzia mezani ikamfuata mpaka kwenye shati. Kisha yale mashimo ya vikohozi yakaanza kujaa. Palipokuwa na kikohozi pakawa na neno lililomaliziwa vizuri, palipokuwa na kukwama pakawa na mtiririko, na kila alipofungua kazi alikuta marehemu anaimba kwa afya zaidi kuliko jana, na Fundi, astaghfirullahi, badala ya kuogopa alikaa na hedifoni masikioni mpaka adhana ikampita.

Shemeji yake alipokuja kusikiliza kazi ilipofikia, aliweka hedifoni huku bado anacheka jambo walilokuwa wakilisema mlangoni. Kicheko kilimwishia usoni.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Ndugu yako, shemeji. Si unamsikia?"

Alivua hedifoni polepole, akaiweka mezani kama mtu anavyoweka kisu. Akashusha sauti. "Mimi na ndugu yangu tumelala kitanda kimoja tangu utotoni. Namjua akiimba, namjua akikoroma. Huyu anamwiga."

"Usiseme hivyo."

"Shemeji, nisikilize. Anamwiga, tena anakaribia kuweza."

Kabla Fundi hajajibu, walisikia kuimba. Hakukutoka kwenye kompyuta. Hedifoni ilikuwa imelala mezani, kimya. Kulitoka sebuleni. Walikwenda wote wawili, hakuna aliyetaka kutangulia, bega kwa bega katika ukumbi mwembamba ambamo harufu ya majivu mabichi ilikuwa nzito kiasi cha kuionja ulimini, na walipofika mlangoni wakamkuta mtoto amekaa wima sakafuni, macho wazi, kalamu mkononi, na kinywani mwake, kinywa kile ambacho meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanaota, inatoka sauti ya mwanamke mzima, pana, tulivu, ikiimba ubeti ambao Fundi hajawahi kuupiga nje ya hedifoni zake.

"Mama," Fundi alimwita binti yake, kama alivyozoea kumwita. "Mama, nani amekufundisha?"

Sauti ilikatika. Mtoto akapepesa macho. "Mama."

"Wapi?"

"Chumbani kwake." Alinyoosha kalamu kuelekea mlango uliofungwa. "Bado hana uso, baba. Amesema wewe ukimaliza kaswida atakuwa nao."

Mama mkubwa wa mtoto, mwanamke asiyeogopa mtu, alimnyakua mtoto akamkumbatia, nusura amwachie. "Anaungua," alinong'ona. "Shemeji, mtoto anaungua moto!"

Walimwita shehe wa mtaa, mzee wa maneno machache ambaye sikio lake moja lilikuwa limekufa siku nyingi. Alimsomea mtoto, akasoma kwenye maji akamnywesha, akasoma chumbani kwenye pembe zote. Homa ilishuka. Haikukaa, mara tu aliponyamaza ilipanda tena, na midomo ya mtoto ikaanza kucheza, ikiutafuta wimbo.

"Hapa ninafukuza kwenye mlango tu," shehe alisema. "Mwenyewe kakaa kwingine. Kakaa wapi?"

Fundi alimweleza. Alieleza kukunja, alieleza kimya, alieleza bismillahi ambayo hakuisema.

"Ifute kanda yote."

"Shehe, ndimo alimo mke wangu."

"Mke wako hayumo humo, mwanangu. Yuko kwa Mola wake."

"Sauti yake imo. Sina nyingine."

Mzee alimtazama kwa huruma. "Haya. Ninyi mafundi, kelele ikiingia mnaitoaje?"

Fundi alijikuta anajibu kama anayefundisha kazi. Programu hata ya bure inaweza. Unaionyesha mahali ambapo kelele iko peke yake, inaijua, kisha inaiondoa popote ilipo katika kanda. Lakini haina macho ya kuchagua. Kinachofanana na kelele nacho kinakwenda.

"Na huyu yuko wapi peke yake?"

"Kwenye mashimo," Fundi alisema. "Palipokuwa na vikohozi."

"Mwonyeshe hapo. Kitakachobaki ndicho riziki yako. Mimi nitasoma kwa mtoto."

Fundi aliketi. Alisema bismillahi kwa sauti ya kusikika mpaka ukumbini, akavaa hedifoni, akatafuta shimo la kwanza, akaliwekea alama. Neno lililokuwa mle lilikatika nusu. Na kisha, ingawa hakuwa amebonyeza popote pa kuanzisha kanda, sauti ilimwita. Ilimwita kwa jina ambalo mke wake alimwita wakiwa wawili tu, jina la kitoto lisilo na maana kwa mwingine yeyote, ikamuuliza kama amekula, ikamuuliza mbona amekonda, ikacheka kile kicheko kidogo cha kwenye mito, na alipokipeleka kidole kwenye kitufe, shehe akisoma kwa nguvu upande wa pili wa ukuta na mtoto akipiga kelele juu ya kisomo, sauti ikamkaribia mpaka akahisi joto lake ndani ya sikio, ikamwambia polepole, bila hasira:

"Unanizika mara ya pili?"

Akabonyeza.

Mashine ilifanya kazi muda mrefu, kama ilivyo ada yake. Ilipomaliza, ukumbini palikuwa pametulia. Fundi alisikiliza kanda kuanzia mwanzo. Dufu zilikuwapo. Akina mama waliitikia. Na kila mahali walipopisha kiongozi aimbe, hapakuwa na mtu. Mke wake hakubaki hata kidogo. Yule mgeni alikuwa amejifunza vizuri mno. Mashine haikuona tofauti.

Sebuleni mtoto alikuwa anatokwa jasho mapajani mwa mama yake mkubwa, akiomba maji.

"Izime sasa," shehe alisema akivaa viatu. "Usiiache wazi."

"Naizima, shehe."

Hakuizima. Juu ya kioo kitufe cha kurudi nyuma kilikuwa bado kinawaka, ile hatua moja ambayo programu ya bure humkopesha mtu. Akikibonyeza, yote yangerudi. Fundi alikaa mbele yake adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, akisimama kwenda kusali na kurudi, akisimama kwenda kugusa paji la mtoto na kurudi. Aliomba umeme ukatike, asiwe yeye. Umeme, ambao hukatika watu wakiwa hata hawajauwazia, siku ile haukukatika. Mwishowe mtoto akaita kutoka sebuleni, kwa sauti yake mwenyewe nyembamba, kwamba ana njaa, na anataka baba ndiye ampakulie. Fundi aliinama chini ya meza akang'oa waya ukutani. Feni ya kompyuta ikazunguka kidogo, ikasimama.

Mtoto alipona. Alirudi shule, akarudi kwenye kalamu zake. Akina mama waliiacha kaswida ile, nao hawakuulizana kwa nini. Chumba cha kulala kilifunguliwa madirisha, na Fundi akaanza kukilala.

Ikawa siku moja, mtoto yuko sakafuni anachora, baba ameketi karibu anaunga waya, mtoto akauliza bila kuinua kichwa:

"Baba, mama alikuwa anaimbaje?"

Fundi aliweka waya chini. Aliona ni haki ya mtoto, na kama kanda imekufa, yeye yupo hai, na masikio yake ndiyo kazi yake. Alifumba macho ili amkumbuke vizuri, mgonjwa, juu ya mito, akaanza kuuimba ubeti wa kwanza kwa sauti ya chini.

Kalamu iliacha kukwaruza. Alipofumbua macho, mtoto alikuwa amerudi nyuma taratibu mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

"Siyo hivyo, baba," alisema kwa sauti ndogo. "Hivyo anaimba yule."

Fundi alifunga mdomo. Ubeti ukaendelea.