Mivuto Saba ya Ziada

Yah: Malalamiko Kuhusu Tofauti Kati ya Urefu Halisi wa Njia ya Mzunguko ya Waenda kwa Miguu (Mto hadi Mfereji) na Urefu Ulioandikwa Kwenye Kibao.

Ndivyo jalada lilivyosomeka, likiwa na mihuri miwili na sahihi ya mtu ambaye hakulisoma. Mlalamikaji alikuwa mwalimu mstaafu aliyetembea huko pembezoni mwa jiji kila siku ili kushusha sukari. Kibao cha pale lango la maji kilisema mzunguko mzima ni mita elfu sita na mia mbili: unashuka na mto, unakata kona ya matete, unarudi na mfereji mpaka ulikoanzia. Mwalimu aliandika kwamba miguu yake haikubaliani na kibao. Tangu mwezi uliopita, njia imerefuka.

"Njia hairefuki," alisema mkuu wa kitengo. "Anayezeeka ni mwalimu. Lakini barua imeshapokelewa, basi lazima ijibiwe. Nendeni mkapime."

Walitumwa wawili: mpima, mwanamke mwenye miaka kumi na tisa kazini na ulimi usio na likizo, na shemeji yake, mume wa mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimwombea kazi na bado alikuwa akijilaumu.

Kazi yenyewe haina siri. Wa mbele anavuta tepu ya mita hamsini. Wa nyuma anashika ncha yake juu ya kigingi. Wa mbele anauliza kwa sauti, "Sifuri?" Wa nyuma, kama ncha imekaa sawasawa, anajibu, "Sifuri!" Kigingi kinapigwa, wanasogea: huo ni mvuto mmoja. Kwa kuwa njia ina kona na matete, mara nyingi hawaonani. Kinachoaminiwa ni sauti.

"Shemeji, leo umekunywa chai au umelala nayo?" mpima alifoka kwenye mvuto wa kumi. "Jibu haraka!"

"Nitajibu haraka ukiuliza kwa adabu, shemeji."

Waliendelea hivyo mpaka mvuto wa sitini na mbili, kwenye kona ya matete, mahali ambapo mto na mfereji vinakaribiana mpaka unaweza kutemea vyote viwili. Jua lilikuwa la saa sita. Hapo mpima alifungua mdomo kuuliza, na kabla hajauliza, akajibiwa.

"Sifuri!"

"Sasa umekuwa mwepesi," alisema, akapiga kigingi.

Mvuto uliofuata, vilevile. Na uliofuata. Sauti ilikuwa ya shemeji, ila haikuwa na utani ndani yake. Palianza kunuka chuma kilicholowa, halafu nywele zilizoungua. Ndege wa kwenye matete walikuwa kimya. Tepu, ambayo siku zote hulegea kidogo shemeji akijikuna, ilikuwa imenyooka kama imepigiliwa ukutani.

Alipotokea upande wa mfereji, baada ya mivuto saba, aligeuka amtukane vizuri. Nyuma hapakuwa na mtu. Alisubiri. Baada ya muda mrefu shemeji akatokea kwenye matete akikimbia, kiatu kimoja mkononi, mdomo wazi, na mdomoni hamkutoka kitu. Alinyakua daftari la vipimo akaandika:

*Niliachia tepu kigingi cha 62, kamba ya kiatu ilikatika. Nilikuita nikashindwa kutoa sauti. Ulikuwa unavuta na nani?*

Walimaliza mzunguko bila kuangaliana. Jumla ikawa mivuto mia moja thelathini na moja. Kibao kilidai mia moja ishirini na nne.

"Mita mia tatu na hamsini za ziada," alisema mkuu wa kitengo. "Nami niandike zimetoka wapi? Rudieni. Na huyu mbona hasemi?"

"Amepotelewa na sauti, mkuu."

"Ajaze fomu."

Nyumbani, mdogo wake mpima hakuwa na fomu. Alikuwa na mume aliyekaa kitandani siku ya tisa, miguu imelowa hata akifutwa, akifumba na kufumbua midomo kama samaki. Alimkuta dada yake mlangoni akamzuia hapohapo.

"Usiingie, dada. Ulimchukua kwangu akiwa na sauti. Mrudishe na sauti."

"Mdogo wangu, mimi..."

"Na sauti, nimesema."

Ndipo mpima akamfuata mganga, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na hasira za mtu aliyeamshwa. Ofisini walimwandikisha kama Mshauri wa Muda wa Mazingira, kwa sababu orodha ya wataalamu haikuwa na nafasi nyingine. Alisikiliza kisa chote akisonya.

"Pale konani lipo jini," alisema. "Lilikuwepo kabla ya mfereji wenu. Limekaa likiwasikia mkiita na kuitikiana. Mkaja mkaacha ncha ya kamba yenu ya kupimia chini, na wewe ukaita. Likashika. Halina sauti ya kuitikia, likachukua ya karibu."

"Linatoka vipi?"

"Mzunguke kinyume. Aliyekuwa nyuma awe mbele, wewe ukae nyuma. Ile mivuto saba muivute tena bila neno. Mkimaliza, sauti itarudi kwa mwenyewe. Lakini likikuita usijibu, litachukua yako badala yake. Si 'naam', si 'nini', hata kukohoa usikohoe."

"Na moyoni?"

"Moyoni mtukane utakavyo."

Walikwenda wawili tu, mpima na shemeji. Walianza na mfereji. Badala ya kuita walikubaliana ishara: shemeji akivuta tepu mara mbili, anauliza, mpima akivuta mara mbili, amejibu. Saa saba waliingia kwenye matete. Shemeji akapotelea konani, na harufu ya chuma ikaja.

Mvuto wa kwanza, kimya. Wa pili, kitu kilicheka mbele yake kwa sauti ya shemeji. Wa tatu kilimwita kikongwe, kikamwita tasa, kikamtajia mambo ambayo shemeji angeweza kuyajua na mengine ambayo hakuna mtu aliyeyajua. Mpima akauma mtandio wake. Wa nne kililia kuwa mguu umenaswa kwenye tope, shemeji, njoo, maji yananifika kifuani, na yeye akakodolea macho tepu mkononi, akangoja ile mivuto miwili midogo ya ishara, nayo ikaja, polepole, ya mtu mzima aliyesimama nchi kavu. Wa tano na wa sita kiliita kwa karibu zaidi, mpaka akahisi pumzi yake sikioni, baridi, yenye harufu ya nywele zilizoungua, na maji ya mfereji yakaanza kusogea kinyume na upepo, yakapanda ukingoni yakazigusa ncha za viatu vyake, na bado hakusema, akawa anahesabu moyoni, akamwona mdogo wake mlangoni, akajiambia umebaki mmoja, umebaki mmoja tu, twende nyumbani.

Mvuto wa saba, hakikulia wala kutukana. Matete yalitulia. Jua likawaka kama kawaida. Kutoka konani ikaja sauti ya shemeji, iliyochoka kidogo, iliyonuna kidogo, sauti ya mtu wa kazini anayetaka wamalize wakale.

"Sifuri?"

Miaka kumi na tisa ilikuwa imeshajibu kabla yeye hajafikiri.

"Sifuri!"

Upande wa pili wa kona shemeji alisikia jibu, akasikia pia mtu akipiga kelele, na ilimchukua muda kutambua kwamba anayepiga kelele ni yeye. Alirudi mbio akiifuata tepu. Ilikuwa imekaza, inapita juu ya ukingo na kuzama mferejini.

Jioni ile aliongea na mke wake, kwa sauti yake ileile, na mke wake akaziba masikio. Ofisi iliandika kuwa mtumishi aliteleza. Mkuu wa kitengo akaongeza kwamba eneo hilo halina historia ya utelezi.

Mpima alizama saa saba na nusu mchana, katika maji yasiyofika magotini, na alipotolewa mdomo wake ulikuwa bado unachezacheza bila sauti.