Maji Yasiyokwenda Zake

Udi ulinukia ndani ya jumba la mitambo, mahali ambapo siku zote hunuka grisi tu na chuma chenye joto. Husseini aliunusa, akajifanya hajaunusa. Jerotich, mwenzake wa zamu, hakuwa mtu wa kujifanya.

"Husseini, nani anachomanga udi huku?"

"Labda ni nguo zangu," akajibu.

Aliujua udi ule. Jana yake, nyumbani Amalemba, Maalim Abdulfatah wa Mumias aliufukiza alipomtoa jini binti yake Sumaiya, mtoto wa miaka sita aliyekuwa akinguruma kwa sauti ya mzee. Jini lilikubali kutoka, likaingia kwenye beseni la maji yaliyosomewa. "Yamwage katika maji yanayokwenda na hayarudi," Maalim alimuusia. "Na lisikudondokee hata tone moja, kwani jini litapanda nawe. Likirudi, litarudi kwa mtoto huyu huyu."

Haraka haraka haina baraka. Asubuhi iliyofuata Husseini alikuwa amechelewa kazini, akayatia maji kwenye ndoo na kuyamwaga kwenye bwawa la chini la kituo cha umeme, ng'ambo ya Isecheno. Maji si ni maji? Mtu mzima na akili zake, akasahau kazi inayomlisha! Mchana, umeme wa jua ukizidi nchini, mtambo huyavuta maji ya bwawa la chini na kuyapandisha mpaka bwawa la juu, kilimani. Jioni, watu wakiwasha taa, maji yale yale huachiliwa, yakaporomoka kwenye bomba na kuuzungusha mtambo ule ule kinyume, umeme ukatoka. Kesho yanapandishwa tena.

Siku hiyo mchana, mtambo ulipoanza kuvuta, simu ya Husseini ililia. Alikuwa Zeituni, mkewe, akinong'ona.

"Baba Suma, mtoto anavuta pumzi tu. Anavuta, anavuta, haitoi. Macho yamegeuka. Uko wapi?"

Mtambo uliposimama, Zeituni akapiga tena: mtoto amepumua, lakini hajafumbua macho. Husseini alielewa.

Jioni ikafika na amri ya kuzalisha umeme ikaja. Maji yakaachiliwa kule juu, na chini ya ngurumo yao, ndani ya bomba lile refu lililopasua kilima, kikasikika kicheko, chembamba kwanza, kisha kikakaribia, kikashuka pamoja na maji, kikawa kicheko cha Sumaiya wake hasa, kikapita ndani ya mtambo kikizunguka na kuzunguka, mpaka sakafu ikatetemeka na udi ukawakaba koo.

Jerotich alimshika mkono. "Umefanya nini, wewe?"

Akamweleza.

"Woi! Hii maji haiendangi mahali! Inapandanga, inashukanga, basi."

"Acha nifungue mlango wa mafuriko. Yaende mtoni."

"Bila ruhusa? Watakufuta kazi."

"Ni mtoto wangu, Jerotich."

Alikimbia hadi ukutani mwa bwawa la chini, akalikamata gurudumu la mlango na kulizungusha kwa nguvu zake zote. Maji yakafyatuka, yakamrushia povu usoni na kifuani, na kicheko kikapita chini ya miguu yake, kikaenda na Mto Yala, kikafifia. Udi ukakatika.

Simu ikalia. "Ameamka," Zeituni alisema akilia. "Anaomba uji. Alhamdulillahi, Baba Suma, anaomba uji!"

Husseini naye akalia, bila aibu. Kazi ingepatikana nyingine.

Alipofungua mlango wa nyumba, Sumaiya alimkimbilia na kumkumbatia.

"Mwache baba abadilishe shati kwanza," Zeituni alisema akicheka. "Amelowa chepechepe."

Mtoto hakumwachia. Aliuzika uso wake katika shati lile bichi, akavuta pumzi, akavuta, akavuta.

"Kupanda na kushuka kumenichosha," ikanguruma sauti ya mzee. "Asante kwa kunibeba mpaka nyumbani."