Aliyepona Peke Yake

Lifti ya jengo la kliniki iligoma asubuhi ya watu wengi, ikiwa na watu tisa ndani na kikapu kizima cha mashuka machafu. Pale chini ukumbini kila mtu aligeuka fundi. Mlinzi aliugonga mlango kwa rungu, bwana mmoja wa suti alibonyeza kitufe kama anayegombana nacho, na bibi mmoja alikuwa akiwapigia kelele walio ndani wasipumue sana.

Fundi wa kweli alikuwa amejibanza nyuma ya umati. Alikuwa amevaa shati jeupe la kutokea na aliomba asijulikane. Lifti ndiyo kazi yake, lakini siku hiyo hakuja kazini. Alikuja kutolewa damu ghorofa ya nne, kwenye kliniki ya utafiti wa homa ya ini, mahali ambapo hata mama yake mzazi, anayelala naye nyumba moja, hakujua kama anafika.

"Si huyu hapa fundi!" mlinzi akamwona. "Fundi, unatuangalia tu, kweli?"

Basi akakunja mikono ya shati jeupe, akaazima nondo, akaufungua mlango. Lifti ilikuwa imekwama, sakafu yake usawa wa kiuno cha mtu. Aliwatoa mmoja mmoja, na wa mwisho alikuwa dada mmoja mwenye gauni la rangi ya machungwa, miwani ya duara na kiatu kimoja. Cha pili kilikuwa kimebanwa kwenye mwanya wa sakafu.

"Usiogope, dada. Nipe mkono."

"Nani kaogopa? Nakionea huruma kiatu changu."

Alikichomoa kile kiatu, kisigino kikabaki shimoni. Yule dada akakitazama, akamtazama fundi, akacheka mpaka miwani ikamteleza puani. Fundi naye akacheka. Hakujua kwamba ameshakwisha.

Dakika chache baadaye walikutana tena, kwenye benchi moja, mbele ya mlango wa kliniki ya utafiti. Kicheko chote kiliwaisha.

"Mimi nimemleta shangazi," dada akawahi kusema.

"Yuko wapi?"

"Msalani. Na wewe?"

"Nakagua lifti."

"Ukiwa umekaa kwenye benchi?"

Kabla hajapata la kujibu, mlango ukafunguka. Sista wa kliniki ile, ambayo iliwaita watu kwa namba ili kuwasitiri, alitoa kichwa na sauti ya kuamsha wodi nzima. "Namba saba! Namba kumi na tisa! Mnachelewa kila siku, ingieni!"

Waliinuka wote wawili, wameinamisha macho. Mlangoni dada akanong'ona, "Msalimie lifti." Fundi akajibu, "Na shangazi apone haraka." Hapo ndipo aibu ilipogeuka kuwa urafiki.

Dada yule alikuwa anafanya kazi kwenye duka la miwani, kupima macho na kuwachagulia watu fremu, hivyo fundi akamwita Miwani. Wote wawili waligunduliwa kuwa na virusi vya homa ya ini miaka mingi nyuma, na wote wawili walimeza kidonge kila siku. Virusi vile ni ving'ang'anizi. Vikishaingia kwenye ini hujichimbia ndani kabisa. Kidonge huvinyamazisha, hakiviondoi. Utafiti ule ulitaka kuviondoa. Washiriki walichomwa sindano mpya za kuufundisha mwili kuviwinda wenyewe. Kisha, kwa hiari yao, wangeacha vidonge, damu ipimwe mara kwa mara, ionekane kama mwili umeiva au virusi vitaamka.

Kundi la fundi ndilo lililopangwa kutangulia kuacha. Miwani, wa kundi la pili, alimuuliza siku hiyohiyo ya kwanza, mbele ya kikombe cha chai ya kantini.

"Na ukiacha halafu vikaamka? Ini linavimba, watu wanakufa. Huogopi?"

"Mimi?" Fundi akajinyoosha. "Mimi nafanya kazi nimening'inia juu ya shimo la ghorofa ishirini. Kidonge ndiyo kinitetemeshe?"

"Haya, Bingwa," alisema, na macho yake nyuma ya vioo yakang'aa. "Mimi sindano nitachomwa, ila vidonge siachi. Niite mwoga."

Tuseme ukweli: fundi alidanganya. Kaka yake mkubwa alikuwa na virusi hivyohivyo, akachoka na vidonge, akavitupa, akazikwa tumbo limevimba. Tangu msiba ule, mama yao alimwekea fundi kidonge pembeni ya kikombe kila asubuhi, akasimama pale mpaka kimemezwa. Fundi hakuwahi kumwambia habari za utafiti. Siku ya kuacha ilipofika, alimwambia daktari vidonge vimemwishia, kumbe nyumbani kabatini mama alikuwa na makopo ya akiba. Asubuhi yake mama akaweka kidonge, akasimama. Fundi alikitazama. Akakimeza.

Alijiambia ni kwa ajili ya mama. Lakini hata asubuhi ambazo mama alikuwa amelala, alikifuata mwenyewe kabatini.

Mapenzi nayo hayakungoja. Walipigiana simu mchana kutwa, yeye akiwa juu ya paa la lifti, Miwani akiwa na mteja.

"Uko wapi, Bingwa?"

"Kati ya ghorofa ya sita na ya saba."

"Shuka, nimekukumbuka. Subiri kidogo... hapana mzee, hizo ni za kike... haloo? Upo?"

Fundi alimpenda. Alipenda anavyomrekebishia kola, anavyovua miwani akitaka kubusiwa. Jioni moja Miwani alimsimulia kwamba aliwahi kuchumbiwa, na familia ya mchumba ilipojua ana virusi ikarudi nyuma, hata vyombo alivyokwisha kugusa wakavitenga. "Aibu ile bado ninayo," alisema. "Naivua kama koti, naikuta nimeivaa tena." Fundi alimkumbatia, na kwa mara ya kwanza akatamani kusema ukweli. Hakusema.

Kwenye kundi la fundi virusi viliamka kwa mmoja, kisha mwingine, na kila aliyeamkiwa alirudishiwa vidonge upesi. Mwisho akabaki mtu mmoja tu ambaye damu yake ilikuwa safi. Namba saba, yaani fundi.

Siku ya kupewa majibu, daktari mkuu, mama mmoja mwembamba asiyecheka ovyo, alitoka nyuma ya meza akamshika mikono yote miwili. "Unajua nimeifanya kazi hii tangu nikiwa msichana?" alisema. "Sijawahi kumwona hata mmoja aliyepona." Machozi yalimlengalenga. Sista akapiga vigelegele. Fundi alisimama katikati yao na kidonge cha asubuhi kikiwa bado tumboni. Alifungua kinywa, na kilichotoka ni, "Asante, daktari."

"Jumatatu tunaomba uje uzungumze na kundi la pili. Wanaogopa. Wakikuona wewe watapata moyo."

Kabla hajafika nje, simu ikaita.

"Bingwaaa! Sista kaniambia! Umepona! Mpenzi wangu amepona!" Miwani alikuwa akilia na kucheka pamoja. "Sasa nisikilize. Nimeamua. Jumatatu na mimi naacha."

Akaketi kwenye ngazi. "Usiache."

"Nini?"

"Nasema usiwe na haraka. Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Wewe si umeweza?"

"Mimi ni mimi. Wewe... usiache tu, nakuomba. Huoni ulivyo vizuri na vidonge vyako?"

Alisikia mashine ya kusaga vioo ikiunguruma kule dukani.

"Nimekuelewa," Miwani alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Umepona, basi mimi nibaki na ugonjwa wangu. Siku hizi hunitazami usoni, nikadhani umechoka na kazi. Kumbe ulikuwa unahesabu siku za kuondoka. Ulikuwa unasubiri majibu tu."

"Sivyo hivyo, wallahi! Si..."

"Basi ni vipi? Sema."

Nafasi aliwekewa mkononi, kama kidonge. Angeweza kusema pale pale, kwenye ngazi, watu wakimruka. Alisema, "Nitakueleza." Miwani akakata simu, na siku zote zilizofuata hakupokea simu zake tena.

Ilipofika Jumapili, fundi hakula. Mama yake alimwekea chakula akakiondoa kilivyo. "Umegombana na nani?" akauliza. "Na mimi mwenyewe, mama," akajibu, na mama akadhani ni utani wa vijana.

Jumatatu chumba cha kliniki kilijaa. Watu wa kundi la pili walikaa mistari mitatu, na Miwani alikuwa wa mbele, gauni jeusi, kopo la vidonge mapajani, tayari kulirudisha. Hakumtazama. Daktari akamtambulisha kwa fahari. "Huyu ndiye namba saba." Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja alitaka hata kumshika mkono.

"Msipige makofi," fundi alisema. "Sikuacha vidonge. Hata siku moja. Nimekuwa nikivimeza nyumbani. Damu yangu ni safi kwa sababu ya vidonge, si kwa sababu nyingine. Mtu asiache kwa kuniangalia mimi."

Daktari aliketi taratibu kwenye kiti cha mgonjwa.

"Mama yangu huniwekea," aliongeza haraka. "Nilishindwa kumwambia. Amezika mtoto mmoja, nisingeweza..."

"Usimsingizie mama." Alikuwa Miwani, amesimama. "Mama ndiye aliyesema anafanya kazi juu ya shimo? Mama ndiye aliyeitika nikimwita Bingwa?"

"Hapana."

"Basi sema."

Alimtazama. Alifungua kifungo cha juu cha shati jeupe, lilelile la siku ya kwanza. "Niliogopa kufa," alisema. "Na nikaona aibu kuogopa mbele yako. Ukanipenda kwa ushujaa nisiokuwa nao. Kila ulivyonipenda, ndivyo nilivyozidi kushindwa kusema."

Miwani alilibana kopo lake kifuani, akapita mbele yake na kutoka nje. Daktari hakumkaripia fundi, na hilo lilimuuma kuliko kukaripiwa. Alimuuliza tu alimeza kidonge lini mara ya mwisho, akamwambia sista achukue damu, akafuta neno moja ubaoni. Lilikuwa neno "mmoja", kwenye mstari wa waliopona.

Jioni ile fundi alimweleza mama yake kila kitu. Mama akamzaba kofi, kisha akamkumbatia. Kesho yake aliweka kidonge pembeni ya kikombe kama kawaida, lakini hakusimama.

Fundi alirudi kazini. Wiki zikapita. Alikuwa akipita upande wa pili wa barabara kulikwepa duka la miwani, na wenzake walipomtania kwamba bibi harusi amemkimbia, alicheka nao, halafu akapanda juu ya lifti akakaa peke yake gizani hadi uso ulipopoa.

Siku simu ilipoita na jina la Miwani likatokea, nusura ampigie kelele kwa furaha. Alijizuia.

"Uko wapi?" Miwani aliuliza.

"Ghorofa ya tatu."

"Kesho asubuhi naacha vidonge. Nilitaka ulisikie kwangu."

"Miwani! Baada ya yote niliyosema? Hakuna hata mmoja aliyepona!"

"Ndiyo maana. Kundi letu tumechomwa sindano nyingi kuliko ninyi. Hakuna anayejua kama zinatosha mpaka mtu aache kweli. Kweli, umenisikia? Daktari alikuwa anashikilia mtu mmoja, ukamwondolea. Nusu ya kundi imekataa. Mimi nimekaa, nimefikiri, nimelia, na ninaogopa sana. Lakini naacha. Nitapimwa kila wiki, vikiamka nitarudi kwenye vidonge siku hiyohiyo."

Fundi aliegemea ukuta. Hakuwahi kujiona mdogo kama hapo. "Unataka nifanye nini?"

"Njoo nyumbani."

Alikwenda na ovaroli lake la kazi, mikono ina grisi, hata hakupita kunawa. Miwani alifungua mlango akiwa na kanga begani na macho yaliyovimba. Kwa mara ya kwanza alionekana mchovu, na fundi akampenda mpaka kifua kikauma. Hakumkaribisha ndani. Alimnyooshea kopo la vidonge, limejaa.

"Likae kwako. Likiwa humu ndani, siku nikiogopa nitalifungua."

"Kwangu mimi? Mimi niliyewadanganya wote?"

"Wewe unaijua hofu hiyo ilivyo. Nikikupigia usiku nikilia nipewe kidonge kimoja tu, hutaniambia nijikaze. Na utakataa kunipa. Utakataa?"

"Sijui," fundi alisema. "Nitaogopa kuliko wewe. Lakini nitakuja na kukaa nawe, tuogope wote mpaka kukuche."

Miwani alishusha pumzi ndefu. "Hilo ndilo jibu la kwanza la kweli ulilowahi kunipa."

"Nisamehe."

"Sijakusamehe. Bado nina hasira nawe, na nitakuwa nayo hata tukioana, ujue kabisa."

Fundi alishtuka. "Tukioana?"

"Umesikia. Usinifanye nirudie."

Alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Alilishika kopo kwa mikono miwili, likachafuka grisi, akainamisha kichwa. "Nitakuwa naona aibu kila nikikutazama," alisema.

Miwani alivua miwani yake, akampisha mlangoni.

"Ione tu," alisema. "Ila uionee humu ndani."