Anwani ya Wepukhulu

Mimi ni fundi wa kompyuta mjini Bungoma, na siamini mashetani. Naamini waya uliolegea. Mteja akiniambia mashine yake imerogwa, huifungua, nikapuliza vumbi, nikamrudishia ikifanya kazi. Kwa hivyo haya nitakayosimulia usidhani yanatoka kwa mtu mwoga. Yalimpata mdogo wangu Sellah, mchana kweupe, nami nimeketi kando yake.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida. Nilifika kwake, nje kidogo ya Kitale, nimepakata katoni ya vipuri vya kompyuta niliyokuja kumuundia. Mahindi yalikuwa yameanikwa uani juu ya turubai, na kinu cha unga cha jirani yake, Kipkemboi, kilikuwa kinanguruma. Sellah alinipa chai na viazi vitamu.

"Dada Nabwile, hiyo kitu itaamka leo kweli?"

"Itaamka. Kwani mimi ni nani?"

Ilibidi iamke. Mume wake, Wepukhulu, alikuwa amezikwa miezi minne kabla, kwao Chwele, na shemeji yake Wanyonyi aliitamani nyumba ile ya Kitale hata kabla udongo wa kaburi haujakauka. Aliwaambia wazee kwamba mjane asiye na kazi hawezi kukaa peke yake kwenye ploti ya ndugu yake. Wazee wakampa Sellah hadi mwisho wa mwezi aonyeshe atajitegemea vipi. Alikuwa amepata nafasi ya kazi ya kufanyia nyumbani, kusikiliza mahojiano na kuyaandika, lakini kwanza kulikuwa na mtihani: siku hiyo hiyo, saa tisa hadi saa kumi alasiri, bila mtandao kukatika. Ukikatika, kazi imekwenda, na nyumba nayo.

Wanyonyi hakuishia kwa wazee. Siku anaondoka alimgeukia Sellah mlangoni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwenye nyumba mwenyewe atakuja kukutoa." Na mwenye nyumba alikuwa kaburini.

Nilianza kuunganisha saa nne asubuhi. Mara ya kwanza kuiwasha, ililia mara tatu ikanyamaza. RAM, kijibao cha kumbukumbu, haikuwa imekaa sawasawa. Nikaikandamiza mpaka ikaitika. Mara ya pili ikawaka, ikazima baada ya dakika mbili. Skrubu moja ya feni ilikuwa imelegea, joto likapanda. Nikaikaza. Mara ya tatu ikatulia, Sellah akapiga kigelegele, nami nikajisifu mpaka nikaona haya.

Taabu ikaja kwenye mtandao. Tundu la waya kwenye bodi ile mpya lilikuwa bovu tangu dukani. Kosa lilikuwa langu, sikulipima. Kurudi Bungoma kutafuta kadi ya mtandao kungekula siku nzima. Ndipo nikakumbuka kompyuta kuukuu ya Wepukhulu.

"Iko chini ya kitanda," Sellah alisema. Kisha akasita. "Lakini haikugawanywa."

Kwetu, baada ya mazishi, vitu vya marehemu hutolewa nje, makoti, viatu, baiskeli, na wazee wa kiume hutaja mbele ya watu kila kimoja kinakwenda kwa nani. Kisichotajwa hubaki chake. Sellah alikuwa ameificha kompyuta ile siku ya kugawa, ili Wanyonyi asiibebe. Nilimcheka. Niling'oa kadi, nikaipuliza vumbi, nikaichomeka kwenye mashine mpya.

Ikashika mara moja. Saa saba na nusu tulikuwa na mtandao. Dakika kumi baadaye ukakatika, na skrini ikaandika kwamba kuna kifaa kingine kinachotumia anwani yetu.

Hilo ni tatizo la kila siku. Mashine kwenye mtandao hupewa anwani kama nyumba zinavyopewa namba, na mbili zikigombania moja, hakuna inayopata amani. Nilimwambia Sellah azime simu yake. Nikazima yangu. Nikazima waifai ya rauta, kile kisanduku kinachogawa mtandao. Ukabaki waya mmoja na mashine moja. Nikafungua orodha ya rauta kuona nani yumo.

Ilionyesha mashine mbili.

Nikabadilisha anwani yetu. Ile nyingine ikahamia hapo hapo. Nikabadilisha tena. Ikafuata. Kila kadi hutoka kiwandani na namba yake peke yake duniani. Hizi mbili zilikuwa na namba moja, tarakimu kwa tarakimu.

"Zima," Sellah alinong'ona.

"Sizimi. Saa tisa inafika."

Kuna amri sisi mafundi huiita ping. Ni kama kupiga hodi: unaita anwani, nayo ikiwapo inajibu, na skrini inakuonyesha jibu limechelewa kiasi gani. Namba kubwa, mara nyingi, ina maana anayejibu yuko mbali. Nilichomoa waya wa mtandao, nikaushika mkononi, nikapiga hodi. Bila waya, hakuna wa kujibu.

212.

Nilitazama waya. Ulikuwa bado mkononi mwangu.

187. 140. 96.

"Inafanya nini?"

Sikutaka kumwambia. "Inakaribia."

61. 40. Nje, kuku waliokuwa wakidokoa mahindi waliondoka uani wote kwa pamoja. 22. 9.

3.

1.

Kasha la kompyuta likagongwa mara mbili. Ko, ko. Kutoka ndani.

Sellah alijiziba mdomo. Nilijua kwa nini. Wepukhulu, enzi za uhai wake, hakuwahi kuwasha kompyuta bila kuigonga mara mbili na kuiambia, "Amka, mzee."

"Amekuja kunitoa," alinong'ona. "Wanyonyi alisema."

Niliogopa, sitaficha. Miguu yangu ilikuwa tayari kukimbia hadi Kimilili bila viatu. Lakini Sellah, ambaye tangu mazishi alikuwa akiongea akitazama chini, alisimama. Akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Hasira ilimpanda nikiiona.

"Ati anitoe? Anipeleke wapi? Si hii matofali tulifyatua sisi wawili!" Akaigeukia mashine, na sasa hakunong'ona. "Wepukhulu, nisikize. Leo nagawa mimi. Mwanamke, ndiyo. Dada yangu ndiye shahidi. Kadi ni yangu. Mashine ni yangu. Nyumba ni yangu na sitoki, ugonge ama usigonge. Ukitaka kukaa, kaa, lakini si kwa anwani yangu. Dada, mpee yake."

Nikarudisha waya. Nikaandika kwenye rauta: anwani ya kumi, Sellah; ya kumi na moja, Wepukhulu. Rauta haipaswi kukubali anwani mbili kwa namba moja ya kadi. Ilikubali. Mtandao ukarudi, ukatulia.

Saa tisa kamili mtihani ukaanza. Saa tisa na dakika ishirini kinu cha Kipkemboi kikanyamaza. Friji ikanyamaza. Taa ya jikoni ikazima. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima.

Kompyuta haikuzima.

Nilitazama plagi. Ilikuwa ukutani, kwenye stima isiyokuwapo. Hatukuwa na betri ya akiba. Ningejua, niliunganisha mwenyewe. Taa za rauta zilikuwa zinapepesa. Sellah hakugeuka. Aliuma meno, machozi yakimtiririka, akaandika. Saa kumi alibonyeza kutuma, skrini ikajibu kwamba kazi imepokelewa. Ndipo kila kitu kikazima.

"Asante, baba," aliiambia ile skrini nyeusi, kama alivyozoea kumwita mumewe.

Kazi aliipata. Barua ya ajira aliiweka mbele ya wazee, nyumba ikabaki yake. Mwezi uliofuata nilimpelekea kadi mpya, nikaondoka na ile ya Wepukhulu. Iko kwenye droo yangu hapa Bungoma, haijachomekwa popote.

Lakini orodha ya rauta ya Sellah bado inaonyesha mashine mbili. Ukiipigia hodi ile ya pili, hujibu 1. Ila saa tisa alasiri, kila siku, hupanda: 9, 40, 96, hadi 212, pale pale ilipoanzia siku ile. Hukaa huko saa nzima, kisha hurudi. Sellah amezoea. Mimi nilisema ni hitilafu ya rauta.

Wiki jana simu yangu ililia. Ilikuwa Wanyonyi, kutoka Chwele. Sijawahi kumsikia akiongea taratibu vile.

"Shemeji," alinong'ona, "si umwambie dada yako aache hiyo maneno. Kila siku saa tisa kuna mtu anagonga kwa mlango yangu. Mara mbili. Nikichungulia, hakuna mtu, bana."

Nyuma ya sauti yake nikasikia: ko, ko.

Nilitazama saa ya ukutani. Saa tisa na dakika tatu. Nikavuta droo. Kadi ilikuwa mahali pake, peke yake, bila waya. Taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inapepesa.

"Wewe ndiye ulisema mwenye nyumba atakuja," nikamwambia. "Mfungulie."