Nilimnyang'anya Bucha Ng'ombe wa Mke Mwenzangu

Nina miaka arubaini na tisa, ni mke mkubwa, naishi hapa Kisauni. Msomaji, kama una wivu na hujawahi kumwambia mtu, keti unisikize. Wangu umenila mpaka bandani.

Bwana alipomwoa Rukia alisema hataki ugomvi, akatununulia kila mmoja mtamba wake. Wangu nikamwita Johari. Wa Rukia ni Tausi. Mabanda yetu yanatenganishwa na ukuta mmoja tu wa mabati.

Johari hakuwa na kasoro. Maziwa yake yamenisomeshea wanangu wawili. Lakini Tausi! Kila alfajiri nikisikia maziwa ya Rukia yakilia ndooni, hayaishi... Wateja walinipita mlangoni na vidumu vyao, wakaenda kwake. Na bwana, siku ya zamu yangu, anakunywa chai yangu huku akisifu maziwa ya kule! Ungekuwa wewe, ungenyamaza?

Mwaka juzi nikasikia Rukia amemuuza Tausi kwa bucha. Ng'ombe wa maziwa, tena ana mimba, achinjwe? Nikamwendea Rukia. Akanieleza kuwa Tausi ameshatupa mimba mara mbili, kwamba damu imepimwa ikaonekana ana ugonjwa wa kutupa mimba, na daktari wa mifugo amesema lazima aondolewe asije akaambukiza wengine. Mimba hii nayo haitafika.

"Dada," akaniambia, "huyu si wa kufugwa tena. Ni wa kisu."

Bwana naye akasema hayo hayo. Ndiyo kwanza nikaona wamepanga! Nikajiambia huyu mwanamke yuko radhi ng'ombe afe kuliko kuniona mimi namkama.

Asubuhi yake nikaenda kwa bucha, nikambadilishia Tausi kwa ndume wangu aliyenona, mtoto wa Johari. Bucha akanitazama, akapokea kamba.

Nilimpitisha Tausi mbele ya mlango wa Rukia makusudi, nimejifunga leso mpya. Rukia akatoka, akashika kichwa. Akanisihi angalau nimfunge mbali na Johari, maana Johari naye alikuwa na mimba. Nikamjibu kuwa banda ni langu.

Nikawafunga pamoja. Hori moja, maji mamoja, majani ya kabichi ya sokoni Kongowea wakigombania. Ndoo zikajaa. Wateja wakarudi. Bwana akasifu chai yangu, na wallahi siku hiyo nilitembea kama bibi harusi.

Miezi miwili baadaye nikaingia bandani nikamkuta Tausi ametupa. Johari amekata kamba, yuko pale chini analamba yale maji na kondo ya nyuma...

Hapo ningemwita daktari. Kwa nini sikumwita? Kwa sababu Rukia angejua! Nikachimba shimo peke yangu nyuma ya choo, nikafukia, nikamwaga maji sakafuni, nikanyamaza. Nilichagua kunyamaza kuliko kuchekwa na mke mwenzangu.

Wiki chache baadaye Johari akatupa. Miezi saba, jamani! Ndama jike, kwato zimeshaumbika, manyoya ya mama yake, hana uhai.

Sasa nikamwita daktari. Akapima damu za wote wawili, na majibu yakawa yale yale niliyoambiwa na Rukia tangu mwanzo. Waondolewe wote. Johari wangu, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote mpaka nilipomletea mimi!

Bucha alikuja yule yule. Johari akagoma kutoka. Alizoea kunifuata mimi, basi nikashika kamba mimi mwenyewe, akanifuata mpaka kwenye gari bila kusumbua. Akapanda, akageuka kunitafuta.

Nilipoanguka pale chini nikilia, aliyekuja kuniinua ni Rukia. Nilingoja anicheke, hakunicheka.

"Mimi nilimlilia Tausi siku tatu, dada," akasema. "Ulidhani nilikuwa nacheza?"

Siku tatu... Na ukuta ni ule ule wa mabati. Maziwa yake niliyasikia kila alfajiri. Kilio chake sikukisikia.

Wenzangu mnaofuga, ng'ombe akishatolewa kwa mwenzio kwa ugonjwa, usimkimbilie kwa kuwa tu ulimtamani. Akitupa mimba bandani mwako, sema siku hiyo hiyo, hata mbele ya unayemchukia. Nami sitawadanganya, wivu haujaniisha. Rukia ana mtamba mpya, na kila asubuhi huniletea jagi la maziwa, ameshayachemsha. Nayapokea. Naona wivu, nayanywa, kisha namwambia ahsante, na banda langu li tupu.