Vidole vya Kukhu

Kila Jumamosi asubuhi, Winrose huteka maji kisimani, hufagia uwanja, kisha huketi karibu na nyanya yake, ambaye humwita Kukhu. Kukhu hummenyea muwa na kumkatia vipande vidogo hadi vidole vyake vinanata. Yeye mwenyewe haonji hata kidogo. Ana kisukari, na amejinyima utamu miaka mitatu sasa.

Jumamosi moja, Sista Jescah, muuguzi wa zahanati iliyo karibu na soko la Matete, alifika kumpima. Kukhu akaingia ndani kutafuta kitabu chake cha kliniki. Sista akatoa mashine ndogo na kijikadi cha plastiki chenye vijia vyembamba kuliko unywele.

"Tone moja la damu hujipitia humu lenyewe, halafu mashine hii husoma jibu," alieleza. "Pamba ya spiriti imeniishia. Kukhu amenawa mikono?"

Sabuni ilikuwa jikoni, na mdomo wa Winrose ulikuwa umejaa muwa. Uvivu ukamshika.

"Amenawa, Sista."

Kukhu alipotoka, alidungwa kidole na tone likaingia kwenye kadi. Punde Sista akakunja uso.

"Mama, sukari imepanda sana! Umekula nini?"

"Tangu jana usiku sijatia kitu mdomoni, mwanangu."

Sista akayatazama maganda ya muwa. Kisha akachukua simu. "Wacha nimuulize daktari kama tukuongezee dawa."

Kukhu akainamisha kichwa. Iliuma sana kuonekana mwongo nyumbani kwake mwenyewe. Winrose alimwona akifuta machozi kwa ncha ya leso, na akautema muwa.

"Sista, ngoja! Kukhu hajala. Alikuwa ananimenyea mimi. Na hakunawa. Nilidanganya."

Alikimbia jikoni, akaleta maji na sabuni, akavisugua vidole vya Kukhu kimoja kimoja na kuvikausha. Kijikadi kipya kikatolewa. Safari hii jibu lilikuwa zuri.

"Nisamehe, Mama. Nilikudhania vibaya," Sista alisema, kisha akamgeukia Winrose. "Kadi hupima kile inachopewa. Leo ilipima maji ya muwa yaliyokuwa kidoleni. Tungemwongezea dawa bure, sukari ingeshuka hata azimie. Kunawa ni kazi ya dakika moja, na kusema kweli pia. Usizikwepe tena."

"Nisamehe, Kukhu," Winrose alisema huku akilia.

Kukhu akamkabidhi kisu na muwa uliobaki.

"Nimekusamehe. Lakini kuanzia leo, utamenya mwenyewe."