Soketi ya Itashika

Asubuhi ile, jamani, palikuwa na amani, na nyumba ile amani yake ilikuwa ya kuazima. Mke alikuwa uani akipanga kwenye kreti mikate ya kusambaza kwa wateja. Mume alikuwa kizingitini na chai yake. Kisha pikipiki ya mke ikakataa kuwaka.

Mume huyo mtaani aliitwa Itashika. Kitasa kikilegea, anachomeka kijiti: "Itashika." Kiti kikivunjika mguu, anafunga kamba: "Itashika." Kiti hicho ndicho kilichomwangusha mgeni, na shemeji yake, kaka wa mke, akamcheka Itashika mbele za watu. Tangu hapo hawasemezani, na nyumba zao zinatenganishwa na ukuta mmoja tu.

"Ni plagi hiyo ya kuwashia injini," alisema mke. "Nenda kwa kaka ukaazime soketi, ile spana ya bomba ya kuifungulia."

"Nikampigie magoti kaka yako? Soketi ninayo."

Kweli alikuwa nayo: ya milimita kumi na nane. Plagi ilikuwa ya milimita kumi na sita. Wewe unayejua pikipiki umeshaanza kutikisa kichwa. Soketi ilipwaya kama koti la babu kwa mjukuu. Itashika akazungushia plagi kitambaa, akapachika soketi juu yake.

"Inacheza hiyo, baba watoto."

"Wewe shughulika na mikate."

"Mikate haina miguu. Mwenye tanuri kashasema, nikichelewa tena anampa mtu mwingine wateja wangu."

"Basi funga mdomo nifanye kazi. Itashika."

Akakaza, ikateleza. Akakaza tena kwa hasira, mkono ukaenda upande, kikalia kitu kama jino linalong'oka. Kigae cheupe cha plagi kilikuwa kimekatika, na pembe za chuma chake zimelika. Hapo mwenye akili angesimama. Lakini shemeji alikuwa amechungulia juu ya ukuta.

"Shemeji, usiguse tena. Ninayo ya saizi yake. Plagi hiyo bado inaweza kutoka."

"Rudisha kichwa chako kwenu kabla sijakipimia soketi."

Itashika akachukua tindo na nyundo. Aligonga plagi, lakini aliyekuwa akimgonga moyoni ni shemeji. Plagi ikakatika, shingo yake ikabaki ndani, na hedi, yaani kichwa cha injini, ikapasuka.

Mwenye tanuri hakungoja. Alimtuma mwendesha pikipiki mwingine, mke akamkabidhi kreti. Akaingia ndani, akatoka na begi na watoto, akashika usukani wa pikipiki yake mbovu na kuanza kuisukuma kuelekea kwa kaka yake.

"Unakwenda wapi? Mke wangu, rudi tuyamalize. Mambo yatakaa sawa."

Mke akaokota kile kitambaa chenye oili, akamwekea kiganjani.

"Tia hiki kwenye ndoa. Labda itashika."

FUNZO

Ukienda kununua soketi, nenda na plagi ya saizi ileile mkononi. Pachika soketi juu yake hapohapo dukani: ibane pembe zote, iwe na kina cha kumeza kigae, ndani iwe na kampira ka kuidaka. Ikicheza hata kidogo, iache, na muuzaji akinuna mwache anune. Ukikosa kabisa, kaazime, hata kwa mtu usiyempenda. Itashika aliona haya kuazima chombo kwa saa moja. Sasa anakunywa chai peke yake, juu ya kiti cha kamba, na ng'ambo ya ukuta anasikia wanawe wakicheka.